Shahada Mbili kwa Mpigo

Nilianza masomo ya uzamili wa sayansi ya data nikiwa bado mwanafunzi wa shahada ya kwanza ya takwimu, huko Marekani. Vyuo vingi vya kule vina utaratibu huo: mwanafunzi mwenye alama nzuri huruhusiwa kuchukua kozi kadhaa za uzamili kabla hajahitimu, na kozi hizo huhesabiwa pande zote mbili. Shahada ya kwanza ni krediti 120 hivi, uzamili 30 au zaidi kidogo, kwa hiyo miaka sita yaweza kuwa mitano. Kwangu mimi, niliyechangiwa ada na ukoo mzima, mwaka mmoja ulikuwa na uzito wake.

Asubuhi nilikaa na wenzangu wa rika moja. Profesa aliandika kanuni ubaoni, nasi tukaithibitisha kwa kalamu na karatasi. Namba tulizopewa zilikuwa safi. Jioni niliingia darasa la uzamili, miongoni mwa watu wazima waliotoka kazini, na huko namba zilikuja na mapengo, marudio na vitu visivyoeleweka.

Zoezi moja la mwanzo lilitumia seti nne za namba alizochapisha mtakwimu Francis Anscombe mwaka 1973. Kila seti ina jozi 11. Nilikokotoa wastani wa x nikapata 9, wa y 7.5, na kigezo cha uhusiano 0.816, seti zote nne. Kisha tukazichora. Ya kwanza ilitawanyika kuufuata mstari. Ya pili ilipinda. Ya tatu ilinyooka, isipokuwa nukta moja iliyoruka juu. Ya nne ilisimama wima, na nukta moja ikabaki peke yake mbali kulia. Tangu siku hiyo sikokotoi kitu kabla ya kukichora.

Badiliko kubwa lilikuja na mradi wangu wa umri wa Watanzania katika sensa ya 2002. Grafu ilipanda ghafla kwenye miaka 30, 40, 50 na 60, ikashuka katikati. Wenzangu walishauri tuilainishe kwa programu, tuendelee. Mimi nilimkumbuka bibi yangu, ambaye hakuwahi kuwa na cheti cha kuzaliwa. Karani akimuuliza umri, hutaja sitini, na mambo yamekwisha. Wanademografia hupima jambo hili kwa kielezo cha Whipple: 100 maana yake umri haukurundikana, 500 maana yake kila umri uliotajwa unaishia na 0 au 5. Hesabu za asubuhi ndizo zilizoniwezesha kukielewa kipimo hicho; darasa la jioni ndilo lililonipa sababu ya kukihitaji.

Katika sensa ya 2022 makarani wetu walibeba vishikwambi, na matokeo yakatoka: watu 61,741,120. Kifaa kimebadilika, lakini umri bado hutajwa na mtu kwa mdomo wake. Ndiyo maana vijana wanaotaka kuunganisha shahada mbili nawashauri wasiache takwimu za msingi kwa kukimbilia programu, na wasikae na nadharia tupu wakingoja kuhitimu. Kila faili jipya ninalolifungua sasa nauliza kwanza: nani aliulizwa, na alikuwa na njia gani ya kulijua jibu?