Mji wa Shinyanga

Msafiri atokaye Buzwagi, ulikofunguliwa mgodi wa dhahabu mwaka 2009, akielekea mashariki, hufika Shinyanga, makao makuu ya mkoa. Mto wake ni Mhumbu. Lakini mtu asidhani kuwa ni kama Rufiji. Masika hujaa matope. Kiangazi ni mchanga mtupu.

Hapo kale nchi hii ilikuwa na pori kubwa, na ndani yake mbung'o wauao ng'ombe. Basi katika miaka ya 1920 watu walikusanyika kwa maelfu pamoja na watemi wao, wakaikata miti na kuichoma. Mbung'o wakapungua, ng'ombe wakazidi. Lakini kivuli kilitoweka, udongo ukachukuliwa na mvua, na wanawake wakaenda mbali kutafuta kuni. Nani angaliyajua hayo, siku ile shoka lilipoinuliwa?

Mwaka 1986 ikaanzishwa Hifadhi Ardhi Shinyanga. Wasukuma walikuwa nayo desturi yao ya ngitili, yaani malisho yafungwayo wakati wa mvua, yafunguliwe kiangazi. Ngitili zikafungwa tena, na visiki vya kale vikachipua.