Maji na sabuni kwanza, mashauri baadaye

Kwetu Bukavu mtoto akiumwa na mbwa, neno la kwanza ni: «Mbwa wa nani?» Baba anakwenda kwa mwenye mbwa, shefu wa avenyu anaitwa, watu wanabishana juu ya franga. Kidonda kinangoja.

Mwezi uliopita mwenzetu mmoja hakungoja. Binti yake wa miaka 6 aliumwa mkononi na mbwa mdogo wa njiani: alama mbili tu, damu kidogo. Alimuosha palepale kwa maji mengi na sabuni, dakika 15 nzima, mtoto akilia na mama mkwe akitafuta jiwe jeusi. (Jiwe hilo haliondoi kichaa cha mbwa, wamama.) Kisha pikipiki. Kituo cha kwanza hakikuwa na chanjo, akaenda cha pili. Pale mtoto alipata sindano ya kwanza na, kwa sababu damu ilitoka, kingamwili zikadungwa kwenye kidonda chenyewe. Likelemba yetu ilitoa franga za njia.

Kazi ngumu ilikuja siku ya 3. Mtoto anacheza, kidonda kimekauka, na nyumbani wanauliza: kurudi hospitali kwa nini tena? Ugonjwa huu, ambao wengi tunauita raje, unapita polepole ndani ya mishipa ya fahamu kuelekea ubongo, mara nyingi majuma mengi, hata miezi. Chanjo lazima iutangulie. Mtu akishaanza kuogopa maji, hakuna dawa ya kumponya. Ndiyo maana alirudi siku ya 3 na ya 7, na ile ya mwisho ni kati ya siku ya 14 na 28. Kwenu, fuateni tarehe za muganga kwenye fishi. Mwenye mimba na anayenyonyesha wanadungwa pia.

Mwaka 1885 mama mmoja wa Alsace alimpeleka mtoto wake wa miaka 9, Joseph Meister, mpaka Paris kwa Louis Pasteur, wakati chanjo ilikuwa bado mpya kabisa. Mtoto akapona. Tunajiuliza kama naye aliulizwa njiani mbwa ni wa nani.

Wanaoshughulika na mbwa kila siku wanaweza kuchanjwa mbele ya kuumwa: sindano mbili, juma moja katikati. Wakiumwa wataosha kidonda na kurudi kwa sindano mbili nyingine, ila kingamwili hawazihitaji. Mbwa wa nyumbani naye achanjwe. Mwenye mbwa akisema ana karatasi ya chanjo, mwambieni aionyeshe, lakini mkiwa mmeshatoka hospitali.