Dau na Marejesho: Kazi ya Fundi wa Mashine za Kasino

Katika mashine ya kasino, ukubwa wa dau hubadilisha kiwango cha marejesho pale tu jedwali la malipo linapoipa sarafu ya mwisho nyongeza. Pasipo nyongeza hiyo, aliyeweka sarafu 1 na aliyeweka 3 hurudishiwa, kwa wastani, sehemu ileile ya fedha zao. Fundi anayesimuliwa hapa, ambaye ndiye mwandishi wa kurasa hizi, aliijua hesabu hiyo Las Vegas, enzi ambazo sarafu zilimwagika kwenye sinia la chuma, na sehemu kubwa ya kazi ilikuwa kunasua zilizokwama.

Kila mashine ya magurudumu ilikuja na karatasi ya hesabu ya mtengenezaji, yenye kiwango cha marejesho kwa sarafu 1, 2 na 3. Mchezaji hakuiona. Kuna mashine ambazo alama zilizolipa 100 kwa sarafu 1 zililipa 200 kwa 2 na 300 kwa 3. Dau kubwa hapo halikuongeza chochote ila fedha zilizo hatarini. Nyingine zilikuza zawadi ya juu kupita mara tatu kwa sarafu ya tatu. Megabucks, mashine iliyoanzishwa na kampuni ya IGT huko Nevada mwaka 1986, haitoi zawadi yake kuu kwa dau pungufu. Mashine mbili zinazofanana kama mapacha ziliweza kuwa na chipu zenye viwango tofauti, mradi visishuke chini ya asilimia 75 ambayo sheria ya Nevada inadai. Ndiyo maana swali ambalo wateja hawakuchoka kumuuliza fundi, kwamba ni mashine ipi inalipa zaidi, halikuwa na jibu la kuonekana kwa macho.

Poka ya video ni habari nyingine, kwa sababu hesabu yake iko wazi kwenye kioo. Nevada inataka karata zitoke kwa bahati ileile ya karata 52 halisi, hivyo jedwali likisomwa, marejesho hujulikana. Chukua mchezo unaolipa kuanzia jozi ya ghulamu, ule unaoitwa 9/6: tatu za namba moja pamoja na jozi hulipa 9 kwa kila sarafu, na tano za ua moja hulipa 6. Kumi, ghulamu, malkia, mfalme na ree za ua moja hulipa 250 kwa kila sarafu kwa dau la 1 hadi 4. Kwa sarafu 5 malipo huruka hadi 4,000, yaani 800 kwa kila moja. Asiyekosea hurudishiwa asilimia 99.54 kwa sarafu 5, na takriban 98.37 kwa pungufu. Tofauti yote imebebwa na mkono mmoja unaotokea mara 1 katika mikono kama 40,000.

Hapo ndipo ushauri uliozoeleka, wa kuweka dau kamili daima, unapohitaji kupimwa kwa fedha badala ya asilimia. Kwa mikono 500 kwa saa kwenye mashine ya senti 25, sarafu 5 hupitisha dola 625 na kupoteza kwa wastani dola 2.90 hivi. Sarafu 1 hupitisha dola 125 na kupoteza takriban dola 2. Mwenye asilimia mbaya ndiye aliyepoteza kidogo! Anayeweka sarafu 1 kwenye mashine ya dola 1 hupoteza kama dola 8, ingawa dau lake ni dogo kuliko dola 1.25 za jirani aliyejaza sarafu 5. Fundi aliwaona wengi wakifanya hivyo, wakiamini mashine ya dola ina heshima zaidi. Na hizo dola 2.90 ni wastani wa muda mrefu: mkono mkuu huja mara moja katika saa 80 hivi, na kabla haujaja hasara ya saa huwa kubwa zaidi.

Tiketi za karatasi zilipochukua nafasi ya sarafu, mashine za senti 1 zilienea. Zina mistari mingi ya malipo, na mistari 40 kwa senti 1 kila mmoja ni senti 40 kwa mzunguko. Kwa kawaida kuongeza mistari hakubadilishi asilimia. Lakini asilimia yenyewe si nzuri: ripoti za Bodi ya Udhibiti wa Michezo ya Kubahatisha ya Nevada huonyesha kwamba kasino hubakiza sehemu kubwa zaidi kwenye mashine za senti 1 kuliko za dola 1.