Funguo zilikuwa ukutani, mimi sijui kuendesha

Saa nane usiku binti yangu alianza kutetemeka.

Alikuwa na miaka miwili na miezi mitatu. Alikuwa amelala na homa. Nilimpa dawa ya kuishusha, nikamvua fulana, nikalala naye kitanda kimoja huku nimemwekea mkono mgongoni. Mkono huo ndio ulioniamsha. Nilipowasha taa nilimkuta macho yamegeukia juu, meno yamekazana, mikono na miguu inarukaruka.

Mimi ni mwandishi wa habari za afya. Kuhusu degedege nimeandika zaidi ya mara moja. Nilijua cha kufanya: mlaze ubavu, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, usimshikilie kwa nguvu, tazama saa. Nilifanya yote hayo huku nalia. Baada ya dakika kama mbili likakatika. Mtoto akalegea, anapumua, lakini nikimwita haitiki.

Ilibaki kazi moja tu, kumfikisha hospitali.

Mume wangu alikuwa Mbeya kikazi, aliondoka kwa basi. Gari letu, Toyota IST, lilikuwa hapo nje, hatua chache kutoka kitandani. Funguo zilikuwa zinaning'inia kwenye msumari pembeni ya mlango, mahali pake pa siku zote. Mafuta yapo. Nami nimesimama, mtoto begani, naziangalia zile funguo.

Nilikuwa na miaka 27, nina shahada ya chuo kikuu, na sikujua hata kulirudisha gari nyuma.

Niliita teksi kwa simu. Dereva wa kwanza alikubali kisha akaghairi, wa pili vilevile. Sisi tunakaa Goba, nje kidogo ya mitaa yenye pilikapilika za Dar es Salaam, na saa hizo hakuna aliyetaka kupanda vilima vyetu. Kijiwe cha bodaboda kilikuwa kitupu. Mwishowe nikaenda kugonga geti la jirani, mzee mstaafu ambaye hadi siku hiyo tulikuwa watu wa shikamoo na marahaba tu. Alitoka na msuli na kandambili, hakuuliza swali, akawasha gari lake.

Tangu mtoto aanze kutetemeka hadi tunaingia mapokezi, zilipita dakika 55.

Mtoto alipona. Homa ilitokana na maambukizi ya sikio. Daktari alinirudishia maneno ambayo mimi mwenyewe nimeyaandika gazetini: degedege linalotokana na homa huwapata zaidi watoto wa kati ya miezi sita na miaka mitano, mara nyingi hukatika lenyewe chini ya dakika tano, na wengi hawabaki na madhara. Likizidi dakika tano, likijirudia, au mtoto akipumua kwa shida au asizinduke vizuri, hiyo ni dharura ya kukimbia.

Kisha akauliza, bila ubaya, "Mama, mbona mmechelewa? Mmekuja na usafiri gani?"

Sikumjibu. Nilimfunika mtoto kanga vizuri, ingawa alikuwa ameshafunikwa.

Ucheleweshaji wa pili

Katika habari za afya ya uzazi kuna jambo tunaliandika mara kwa mara. Mwaka 1994 watafiti wawili, Thaddeus na Maine, waligawa sababu za kina mama kukosa huduma kwa wakati katika ucheleweshaji wa aina tatu: kuchelewa kuamua kwenda hospitali, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa ukishafika. Nimewahoji akina mama wengi kuhusu huo wa pili. Nimeandika kuhusu mito isiyo na madaraja na vijiji visivyo na gari.

Usiku ule ucheleweshaji wa pili ulikuwa nyumbani kwangu, na ulikuwa na gari.

Ukweli ni kwamba sikukosa nafasi ya kujifunza. Nilikuwa naogopa, na nilikuwa naificha hofu yangu.

Ilianza nikiwa mwaka wa pili chuoni. Mjomba alinipa usukani uani kwake, mbele ya ndugu waliokuja kwenye mahari ya dada. Alikuwa anapiga kelele, "Breki! Breki!", nami nikakanyaga mafuta. Nikagonga geti. Hakuna aliyeumia, lakini watu walicheka mpaka wakakaa chini. Kwa miaka mitano kila nikifika kwenye shughuli ya familia nilipokewa hivi: "Fungueni geti mapema, dereva amekuja!" Nilicheka nao. Moyoni nilishaapa kwamba mimi na usukani basi.

Halafu nikaingia kwenye kazi hii. Nimesimama wodini nikiongea na vijana waliovunjika miguu kwa ajali za bodaboda. Nimeandika takwimu za Shirika la Afya Duniani kwamba ajali za barabarani huua watu wapatao milioni 1.19 kwa mwaka, na kwamba ndizo zinazoongoza kuua watoto na vijana wa miaka mitano hadi 29. Mtu akiniuliza kwa nini siendeshi, nilimtajia takwimu hizo. Nilionekana mwenye busara. Kumbe nilikuwa naivika hofu yangu koti jeupe la daktari ili isiulizwe maswali.

Kama takwimu zile ndizo zingekuwa zinanizuia, nisingekuwa napanda bodaboda kila asubuhi kwenda kazini, tena siku nyingine bila kofia.

"Toa pumzi, ndipo uachie klachi"

Wiki mbili baada ya usiku ule nilijiandikisha chuo cha udereva. Sikumwambia mtu kazini. Nilichagua darasa la saa 12 asubuhi ili nisionekane.

Mwalimu wangu alikuwa mzee mwembamba mwenye kofia ya kufuma. Nilimwamkia, akaniuliza kama nimewahi kushika usukani.

"Nimewahi kugonga geti, mwalimu."

"Vizuri," akasema. "Aliyegonga geti anajua geti liko wapi. Ingia."

Siku ya kwanza hatukwenda popote. Nilirekebisha kiti, nikapanga vioo, nikakanyaga klachi, breki na mafuta gari likiwa limezimwa, tena na tena, mpaka miguu ikaacha kuuliza. Siku ya pili tulizunguka uwanja mtupu kwa gia namba moja. Ya tatu, namba mbili. Mtu anayetembea kwa haraka angetupita, lakini nilishuka nimelowa jasho kama niliyetoka kulima.

Moyo ulikuwa unanidunda mpaka nausikia masikioni, viganja vinateleza kwenye usukani. Siku zote nilidhani hali hiyo ni ujumbe kwamba sijawa tayari. Siku moja, nikiwa nimeegesha nasubiri mwenzangu amalize zamu, nilijikumbusha ninachowaeleza wasomaji. Mwili ukihisi hatari humwaga adrenalini. Moyo hukimbia, pumzi hufupika, misuli hukaza. Mwili haujui tofauti kati ya simba na mzunguko wa kipilefti. Haukuambii kwamba huwezi, unakuambia tu kwamba jambo hili ni kubwa kwako.

Kuna mwanasaikolojia niliwahi kumhoji kuhusu hofu. Alinieleza kwamba kila tunapokikwepa tunachokiogopa tunapata nafuu ya muda, na ile nafuu ndiyo inayoilisha hofu ikanenepa. Kinachoipunguza ni kukikaribia kidogokidogo, mara nyingi, na kubaki pale mpaka mwili utulie wenyewe. Nilimnukuu vizuri sana. Kujitibu kwa maneno yake sikujitibu.

Mwalimu hakusoma saikolojia, lakini dawa yake ilikuwa ileile. Kila nilipojikaza alisema, "Toa pumzi, ndipo uachie klachi." Nimekuja kuona kwamba alikuwa sahihi hata kitabibu, maana kutoa pumzi taratibu, ndefu kuliko ile unayovuta, hupunguza mbio za moyo.

Siku ya tisa tuliingia barabara kubwa. Kwenye taa za Mwenge, taa ikawaka kijani, gari likazima. Nikaliwasha, likazima. Mara nne. Nyuma yangu honi zilikuwa kama za msafara wa harusi. Konda wa daladala akatoa kichwa dirishani: "Sista, kama limekushinda tuuzie!"

Machozi yalinijaa. Mwalimu hakugusa usukani. Aliangalia mbele tu, akasema, "Hao wana haraka yao. Wewe una klachi yako."

Mara ya tano likaondoka.

Jioni ile nilimwambia mume wangu kwamba naacha, ada ibaki tu hukohuko. Hakunibembeleza. Alisema, "Sawa, mama. Honi zimekuumiza wapi?" Nilitafuta mahali, sikupaona. Hapo ndipo nilipojua kwamba kwa miaka yote sikuwa naogopa ajali peke yake. Nilikuwa naogopa kuchekwa tena. Aibu ilikuwa nzito kuliko gari.

Gazeti la jirani

Mtihani wa trafiki nilifeli mara ya kwanza, kwenye kurudi nyuma. Mara ya pili nilifaulu, nikakamilisha taratibu za TRA, nikapata leseni. Nilidhani siku hiyo ujasiri ungekuja pamoja na kadi. Haukuja. Kadi ilikaa kwenye pochi wiki tatu, na funguo zikakaa msumarini.

Mume wangu alijitolea kunisindikiza. Ndugu msomaji, kama unataka amani ya ndoa, usifundishwe gari na mwenzi wako. Alikuwa anakanyaga breki isiyokuwepo upande wake na kuvuta hewa kwa meno kila bajaji ikitokea. Tulirudi nyumbani kila mtu na lake.

Aliyenisaidia ni yule mzee jirani. Kila Jumapili alfajiri alikuja, akaketi kiti cha mbele, akafungua gazeti, akasoma. Tulishuka kutoka Goba hadi Makongo, tukatokea Chuo cha Ardhi, tukarudi. Hakunielekeza labda niulize. Nikikosea alifungua ukurasa mwingine. Jumapili ya sita alisema hatakuja tena, nimeshajua. Nikamshukuru, nikamwambia utulivu wake ndio ulionipa moyo.

"Utulivu gani, binti yangu?" akasema. "Sikuwahi kusoma hata mstari mmoja."

Hivyo naye alikuwa anaogopa, na akaja kila Jumapili.

Miezi minne iliyopita mtoto alipandwa na homa tena. Saa kumi alfajiri kipimajoto kilisoma 39. Mume wangu alikuwa safarini. Nilimfunga mtoto kwenye kiti chake nyuma, dada wa kazi akakaa pembeni yake, nikachukua funguo. Nilitoa pumzi. Niliendesha kilomita 40 kwa saa njia nzima, lori likinimulika mataa kwa nyuma. Tulifika baada ya dakika 18. Safari hii hakukuwa na degedege. Mikono yangu ilianza kutetemeka nilipokwisha kuegesha.

Kwa mzazi anayesoma hapa na hofu kama yangu, hakuna muujiza ninaoweza kukupa. Ila usisubiri ujasiri ndipo uanze. Wangu ulikuja nyuma, ukitembea kwa miguu, baada ya mimi kuwa njiani muda mrefu. Anza na gari lililozimwa. Kisha uwanja mtupu, kisha barabara ya mtaani, kisha lami, na usiruke hatua kwa kuona haya. Tafuta mwalimu asiyepiga kelele. Na ukichekwa, jua kwamba kicheko hakivunji mfupa.

Na kama nyumbani hakuna gari, kama zilivyo nyumba nyingi, bado lako lipo. Leo kabla hujalala, weka kwenye simu namba ya dereva wa bajaji au bodaboda unayemwamini, na umuulize kama saa nane usiku atapokea. Nenda kamsalimie jirani mwenye gari kabla hujamhitaji. Mpango wa usiku hupangwa mchana.

Mimi bado sijaweza kuendesha Kariakoo, na mvua kubwa ikinyesha usiku naegesha pembeni nasubiri. Sioni aibu. Kwenye shughuli za familia bado wanasema, "Fungueni geti, dereva amekuja!" Wanalifungua, nami naingia nikiwa nyuma ya usukani.