Kasri la Nabongo kwa Nauli ya Matatu



Linapotajwa neno kasri, fikira za mtu wa Pwani huenda moja kwa moja Forodhani, Unguja, kwenye Beit al-Ajaib aliyoijenga Sayyid Barghash mwaka 1883. Kwa sisi tunaoishi Kisumu, safari ya Unguja kwa watu watano si jambo la kuamua baada ya chai ya jioni. Likizo iliyopita binti zangu waliletewa picha na binamu zao waliokwenda huko. Walizitazama kimya, kisha mkubwa akasema neno lililonichoma zaidi ya wivu wa safari: "Baba, shuleni wanatuambia Uislamu ni dini ya Pwani, na sisi huku ni wageni tu."

Mama yao ndiye aliyepata jawabu. "Baba watoto," akaniambia, "kasri si lazima liwe Unguja. Twende kwa Mumia."

Mji wa Mumias, ambao zamani ukiitwa Elureko, ulikuwa makao ya wafalme wa Wawanga, na cheo cha mfalme wao ni Nabongo. Nabongo Mumia, mwana wa Shiundu, alishika ufalme mwanzoni mwa miaka ya 1880, akafariki mwaka 1949. Mwaka ule ule wa 1883, Barghash alipokuwa akiinua nguzo za jumba lake, msafiri Joseph Thomson alipitia kwa Wawanga. Misafara iliyotoka Pwani kuelekea Buganda ilipumzika hapo na kununua chakula. Pamoja na nguo na shanga, Waswahili walifika na misahafu. Mumia na wengi wa jamaa zake wakaingia katika Uislamu, na hadi leo Mumias ni miongoni mwa ngome kuu za Waislamu wa magharibi ya Kenya.

Mama watoto aliweka kando sehemu ya faida ya sambusa zake kwa wiki tano. Aliandaa mikate ya kumimina, mayai ya kuchemsha, chupa ya chai na maji ya kutosha, ili pesa taslimu zitoke kwa nauli na kiingilio tu. Tuliondoka baada ya Alfajiri kwa njia ya Luanda na Butere, tupate kurudi siku hiyo hiyo, kwani malazi ndiyo yanayomaliza mfuko wa msafiri. Mdogo tulimpakata. Kutoka Mumias hadi Matungu tulipanda matatu nyingine. Bodaboda zilikuwepo tele, lakini mama yao hakuridhia binti zake wapande nyuma ya wanaume wasiowajua, nami nilimuunga mkono.

Huko Matungu ndiko kuliko na Kituo cha Utamaduni cha Nabongo, pamoja na jengo walimolazwa wafalme wa Wanga. Watoto walitarajia roshani na milango ya kunakshiwa. Wa pili akauliza, "Hili ndilo kasri?" Nikamwambia kuwa enzi ya Mumia haikuwa ya marumaru. Fahari yake ilikuwa watu waliomtii, chakula kilichotosha wageni, na njia iliyopita mlangoni pake.

Njia hiyo ilipohama, fahari ilihama nayo. Reli ilifika ufukweni mwa ziwa Desemba 1901, mahali palipoitwa Port Florence, ndipo Kisumu yetu ya leo. Misafara ikaisha haja ya kupita kwa Wawanga. Mwaka 1909 Waingereza walimfanya Mumia kuwa chifu mkuu, lakini mwaka 1920 makao ya serikali yakahamishiwa Kakamega. Na Beit al-Ajaib yenyewe, pamoja na uimara wake wote, sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Wafalme wawili wa zama moja, mmoja wa jumba la ghorofa na mwingine wa boma la udongo, na mwisho wao mmoja.

Tulipokuwa makaburini niliwakumbusha watoto adabu zake: kutoa salamu, kuwaombea Waislamu waliotangulia, kuzingatia akhera, wala kutomwomba maiti chochote. Binti mkubwa aliuliza swali ambalo sikutaka kulikwepa: "Hao Waswahili walioleta dini, walikuwa watu wema?" Nilimwambia ukweli. Walikuwamo walioswali na kufundisha, na walikuwamo waliofanya biashara ya pembe na ya binadamu wenzao. Naye Mumia aliwasaidia Waingereza kuwatawala majirani zake, na wapo ambao machungu hayo hawajayasahau. Dini ni safi. Mikono iliyoibeba haikuwa safi yote. Atakayeipokea leo aitazame mikono yake mwenyewe.

Adhuhuri tuliswali Mumias. Watoto wangu, waliosoma kidogo Kiarabu, walitaka tufupishe swala, kwa kuwa neno kasri ni jina la jumba na pia ni jina la kufupisha. Nikawaambia kwa hesabu yangu njia yetu haikutimiza marhala mbili. Basi tukaliona kasri, lakini kasri ya swala hatukuipata. Tukaswali rakaa nne kamili.

Msikitini mama mmoja wa Kiwanga, aliyevaa buibui na kusema Kiswahili chenye lafudhi ya kwao, aliwauliza binti zangu wametoka wapi. Walipomjibu Kisumu, akawaambia kuwa babu wa babu yake aliswali katika mji huu. Binti mkubwa hakusema kitu. Shule ilipofunguliwa, mwalimu aliwataka waandike insha ya likizo, naye akaandika juu ya Nabongo aliyefunga Ramadhani kabla ya reli kufika. Sikumsahihisha mwaka, nilimwambia aandike tu kuwa alikuwa mfalme, Mwislamu, na mtu wa huku huku.

Enyi wazazi wenzangu, msiwaahidi watoto safari za mbali zitakazowaingiza katika deni. Qur'ani imetuhimiza kutembea katika ardhi tuone mwisho wa waliotutangulia, wala haikushurutisha ndege. Tafuteni kilicho karibu, ulizeni kiingilio kabla ya kuondoka, fungeni chakula nyumbani, na mchunge vipindi vya swala.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awarehemu Waislamu waliotutangulia, atujaalie riziki ya halali yenye baraka, na awape watoto wetu makazi katika kasri zisizoporomoka. Aamin.