Moshi, Mvuke na Hedi Iliyokufa

Jina kamili la injini ninayoizungumzia ni 1KZ-TE. Mwanafunzi wa sarufi akilitazama kwa makini atagundua kwamba limeundwa kwa namna isiyo ngeni kwake: lina mzizi na viambishi. KZ ndiyo mzizi, yaani ukoo. 1 hutujulisha kwamba hii ni ya kwanza katika ukoo huo. T ni tabo. E ni elektroniki, kwa maana kwamba pampu ya dizeli hupokea amri kutoka kwenye kompyuta ndogo. Ondoa E, ubaki na 1KZ-T, nawe umepata injini nyingine, ndugu wa damu, ambayo pampu yake huendeshwa kimakanika tupu. Herufi moja mwishoni imebadili maana, kama "pika" na "pikwa". Namba za bodi nazo huifuata mofolojia hiyo hiyo. KZJ95 ni Prado, KZN185 ni Hilux Surf: KZ ni injini, J ni jamaa ya Land Cruiser, N ni jamaa ya Hilux. Wajapani hawakukusudia kutufundisha uambishaji, lakini somo lipo.

Toyota walianza kuitumia mwaka 1993, na ilipofika mwaka 2000 mrithi wake, 1KD, alikwisha kuingia ndani ya Prado. Kwa hiyo ni injini ya zamani. Hata hivyo, magari yenye injini hiyo yameshushwa kwa wingi katika bandari za Dar es Salaam na Mombasa yakiwa yametumika kwao, na barabara zetu zingali zimejaa sauti yake. Mojawapo ni langu. Nililinunua kwa kiinua mgongo, nami nalitaja kwa sababu tu mtu aliyeweka kiinua mgongo chake ndani ya chuma hujifunza msamiati wa chuma hicho haraka kuliko alivyojifunza nahau chuoni.

Ina silinda nne zilizopangwa mstari mmoja, kila moja ikiwa na kipenyo cha milimita 96 na mwendo wa pistoni wa milimita 103. Piga hesabu, utapata sentimita za ujazo 2,982, ambazo watu huziita lita tatu. Nguvu yake ni ya farasi 130 hivi kwenye mizunguko 3,600 kwa dakika, lakini uhondo wake uko chini: mvuto mkubwa hupatikana kwenye mizunguko 2,000 tu, na ndiyo maana gari hupanda mlima likiwa limetulia kama mzee aliyezoea njia. Tabo yenyewe ni feni mbili kwenye ekseli moja. Ya kwanza huzungushwa na moshi unaotoka, ya pili husukuma hewa safi ndani.

Injini ya dizeli haina plagi za cheche. Hugandamiza hewa peke yake, katika injini hii zaidi ya mara ishirini, mpaka hewa iwe na joto la kuwasha dizeli inapomwagwa na noseli. Lakini 1KZ haimwagi dizeli moja kwa moja juu ya pistoni. Ndani ya hedi, juu ya kila silinda, kuna chumba kidogo cha mviringo. Hewa ikisukumwa humo huanza kuzunguka kwa kasi, na dizeli hurushwa katikati ya mzunguko huo. Mimi hukiita chumba cha kisulisuli. Ni mpango mzuri wa kupunguza kelele na kuchanganya mafuta na hewa, ila una gharama: moto huwaka ndani ya hedi yenyewe.

Na hedi ni ya alumini. Kizibo cha silinda kimefanywa kwa alumini, mwili wa injini umefanywa kwa chuma cha kusubu, na alumini hutanuka takriban mara mbili ya chuma kwa joto lile lile. Vitu viwili vilivyofungwa kwa bolti vinavyotaka kutanuka kwa viwango tofauti vinahitaji maji ya kuvipoza bila kukosa hata dakika. Maji yakipungua, hedi hupinda, au hupasuka. Na ikipasuka, mara nyingi ufa hupita kati ya viti vya vali, au pembeni mwa kile chumba cha kisulisuli. Huo ndio ugonjwa unaojulikana wa injini hii. Mengine yote ni mafua.

Sasa tuje kwenye lugha. Dereva wetu husema, "Gari imechemsha." Mwalimu wa zamani ndani yangu husikia mambo mawili. La kwanza ni upatanisho: gari ni la ngeli ya LI-YA, tungetarajia "limechemsha". Hilo nimelisamehe zamani. La pili lina utamu zaidi. Kwa nini "kuchemsha" na si "kuchemka"? Kitenzi kiko katika kauli ya kutendesha na yambwa haionekani. Nimelitafakari jambo hili nikiwa nimeegesha pembeni mwa Mlima Kitonga, nikitazama malori yaliyotoka kwenye joto la Mbuyuni yakipumzika boneti wazi, na nimeridhika kwamba dereva yuko sahihi kuliko mhariri ambaye angemsahihisha. Kinachochemka ni maji. Gari ndilo lililoyachemsha. Yambwa imefichwa kwa sababu kila mtu barabarani anaijua, na mtendaji ametajwa panapostahili lawama. Sishangai kwamba mtaani mtu aliyeshindwa jambo husemwa amechemsha.

Mshale wa joto kwenye dashibodi, kwa upande wake, hausemi sana. Katika Toyota za miaka ile umetengenezwa utulie katikati hata joto likipanda na kushuka kwa kiasi kikubwa, ili dereva asihangaike. Unapoanza kupanda, mambo yamekwisha kuharibika. Na maji yakiisha kabisa, kipimo hubaki kikigusa hewa badala ya maji, hivyo kinaweza kutulia wakati injini inaungua.

Kinachosema zaidi ni bomba la moshi. Kiswahili kina vivumishi vya rangi vitatu tu ambavyo ni vyake tangu asili: -eusi, -eupe na -ekundu. Injini hii huvitumia viwili. Moshi mweusi maana yake dizeli ni nyingi kuliko hewa: kisafisha hewa kimeziba, tabo imechoka, au noseli zinamwaga ovyo. Moshi wa bluu ni injini inayokula oili, na hapo kivumishi kinatuishia, tunalazimika kukopa jina. Ugumu uko kwenye moshi mweupe. Fundi huita "moshi mweupe" vitu viwili visivyo na undugu. Kuna dizeli isiyoungua, aghalabu asubuhi ya baridi plagi za kupasha joto zikiwa zimekufa; hiyo huwasha macho na hukawia hewani. Na kuna maji yaliyoingia ndani ya silinda kupitia ufa. Hayo hutoka kama wingu na kutoweka hatua chache nyuma ya gari. La pili si moshi hata kidogo. Ni mvuke. Neno tunalo, kila mtoto wa shule analijua, lakini halijavuka geti la gereji.

Kwamba jambo hili lina uzito nililiona gari langu lilipoanza kupoteza maji bila kuvuja chini. Mafundi watatu, kwa nyakati tofauti, walinipa hukumu moja: "Mzee, hedi imekufa." Nikamuuliza kila mmoja, imekufa kifo gani? Wa kwanza, ambaye tayari alikuwa ameniandikia karatasi ya bei, alimaanisha kwamba gasketi ya hedi imeungua. Wa pili alimaanisha kwamba hedi imepinda, ikachongwe kwa mashine irudi sawa. Wa tatu alimaanisha kwamba imepasuka. Gasketi ni fedha ya mboga; hedi mpya ni fedha ya ada ya mtoto. Na anayechonga hedi iliyopasuka hulipa mara mbili, kwa maana ufa hauchongeki.

Yule wa tatu, kijana mwenye maneno machache, alisubiri injini ipoe, akafungua mfuniko wa rejeta, akajaza maji hadi ukingoni na kuwasha. Mapovu yakaanza kupanda mfululizo. "Gesi imeingia kwenye maji," alisema, "lakini imepitia wapi, hatujui mpaka tufungue." Sentensi hiyo niliipenda. Ilikuwa na kiima, kiarifu na mpaka wa ujuzi wa msemaji. Tulifungua. Gasketi ilikuwa nzima. Hedi ilipooshwa na kupimwa kwa presha, kati ya vali mbili za silinda ya tatu pakaonekana mstari mwembamba kama unywele.

Wakati wa kufunga hedi mpya tulizungumza mengi. Alikuta themostati imeng'olewa na mmiliki wa zamani, desturi iliyoenea kwetu kwa imani kwamba maji yatapita kwa uhuru. Katika injini nyingi za Toyota themostati hufanya kazi mbili: hufungua njia ya rejeta na kuziba njia ya mkato. Ukiing'oa, mkato hubaki wazi na sehemu ya maji huzunguka bila kupozwa. Feni nayo ilikuwa imelegea. Ina majimaji ya silikoni yanayoifanya ikaze joto likipanda, nayo huisha kwa uzee. Mkanda wa taiming tulibadili papo hapo. Hubadilishwa kila kilomita 100,000, na ukikatika, vali hukutana na pistoni.

Siku hizi kijana yule akinipigia simu kuhusu gari la mteja mwingine husema, "Mwalimu, huu ni mvuke." Kwa "hedi imekufa" tumekubaliana maneno matatu: imeungua gasketi, imepinda, imepasuka. Kilichobaki ni chumba cha kisulisuli. Yeye hukiita kikombe, kwa kuwa ndivyo kinavyoonekana hedi ikigeuzwa juu chini. Mimi nakiita kwa kile kinachotokea ndani yake, yeye kwa umbo lake mezani. Kama kuna msomaji, hasa wa huko Pwani ambako mafundi wa injini za boti wamezishika dizeli kwa muda mrefu, anayelijua jina la tatu, aliandike hapa chini.