Akisita Usimwite Mwongo!

Jamani, kuna watu wakimwona mwenzao anasita kidogo katika maneno, basi, wameshahukumu: huyo mwongo! Msomaji wangu, taratibu. Kusema ni kazi, na kichwa nacho kina kiasi chake cha mzigo.

Njoo kwetu Ngorongo, Rufiji. Mjomba wangu ni bingwa wa soga. Mtumbwi ukiwa kwenye maji yaliyotulia, hadithi hazimwishi. Ukiingia kwenye mkondo, au kiboko akiibuka mbele, kimya! Hata umuulize jina lake atakujibu "eee..." Akishavuka anaendelea pale pale alipokatia. Akili yote ilikuwa kwenye kafi.

Wataalamu wanalijua hilo. Mwaka 1956 Mmarekani George Miller aliandika kwamba mtu hushika kichwani kwa wakati mmoja vitu kama saba tu; wengine baadaye wakasema ni vinne hivi. Naye Willem Levelt wa Uholanzi, katika kitabu chake cha 1989, alieleza kuwa msemaji hupata wazo, huchagua maneno na kuyapanga, kisha hutamka. Yote hayo huku maneno mawili matatu yanamtoka kila sekunde! Ongeza hapo woga au hesabu, lazima kitu kiporomoke.

Binamu yangu yalimkuta alipokwenda kuposa mjini. Nyumbani anaongea Kindengereko, kule akatakiwa Kiswahili cha adabu mbele ya wazee, huku mshenga anamnong'oneza hesabu ya mahari sikioni. Akaulizwa habari za shamba. Akakwama. Kisha akasema, "Mashamba ya baba pale karibu na mto... unazaa vizuri." Mdomo ukafuata mto, ukasahau mashamba! Wazee wakatazamana: huyu hana shamba. Posa ikakataliwa. Na shamba lipo, mimi napakana naye!

Ni kweli, mwongo naye husita, maana kutunga uongo kunachosha akili. Lakini mkweli mwenye mzigo kichwani husita vilevile. Kusita peke yake si ushahidi.

Kwa hiyo wewe mzazi, wewe mwalimu, na hasa wewe baba mkwe: uliza moja moja, na umpe mtu nafasi ya kumeza mate. Ukiona bado anababaika, mwambie aseme kwa lugha ya kwao. Hapo ndipo utamjua.